PPR, PVC au bomba la chuma? Ulinganisho kwa anayekarabati nyumba ya zamani

Fungua koki ya nyumba ya zamani ya Upanga, Chang'ombe au Ganjoni ambayo haijatumika siku mbili tatu, na maji ya kwanza yatatoka mekundu. Hiyo ni kutu ya bomba la chuma lililopakwa zinki, lile tunaloliita GI, ambalo lilikuwa bomba la karibu kila nyumba kabla plastiki haijashika soko. Mwenye nyumba akishaamua kuvunja vigae vya bafuni na kupanga jiko upya, swali linakuja lenyewe: turudishe chuma, tuweke PVC, au twende na PPR (zote mbili ni plastiki) kama majirani?

Dukani utapewa majibu mengi, na karibu yote yatahusu bei. Mimi naiweka bei mwisho. Bomba lenyewe, liwe la chuma au la plastiki, ni nadra kupasuka katikati. Panapovuja ni kwenye maungio: elbo, tii, soketi, pale koki inapokazwa. Na katika ukarabati maungio hayo yanafukiwa ukutani, juu yake plasta, juu ya plasta kigae ulichokichagua kwa wiki nzima. Kwa hiyo linganisha kwanza namna kila bomba linavyoungwa, nani atakayeliunga, na utajuaje kwamba limeungika kabla hujafukia. Kisha linganisha tundu la ndani, maana nyumba zetu nyingi zinategemea tenki la juu na presha yake ni ndogo. Ukimaliza hayo mawili, bei haitakusumbua sana.

Bomba la chuma

Chuma kina heshima yake. Ni kigumu, hakinepi, hakiogopi jua, panya hawakitafuni, na maji ya moto hayakitishi. Huuzwa kwa vipande vya mita 6. Fundi hukata nyuzi mwishoni mwa bomba, huzungushia katani au tepu nyeupe, kisha hukaza kwa spana. Ungio la namna hiyo lina sifa moja ambayo plastiki haina: linafunguka. Ukiweka yunioni, yaani kiungo cha kufungulia bomba, mahali panapofikika, unaweza kulifungua, kulisafisha na kulirudisha.

Udhaifu wake uko palepale kwenye nyuzi. Zinki imepakwa juu ya chuma, na kifaa cha kukatia nyuzi kinaiondoa zinki hiyo pamoja na sehemu ya unene wa bomba. Basi sehemu nyembamba kuliko zote, tena isiyo na kinga, ndiyo inayokaa ndani ya elbo. Ndiyo maana ukivunja ukuta wa nyumba ya zamani unakuta kipande kirefu cha bomba bado kizima, lakini karibu na kila kona kuna doa la kutu na plasta imevimba. Ndani nako kutu hujenga vinundu, miaka ikipita tundu la nusu inchi linabaki la kupitisha kalamu tu.

Pwani mambo ni mabaya zaidi. Visima vingi vya Dar es Salaam, Mombasa na Unguja vina chumvi, na chumvi huila zinki haraka. Kama plasta ya zamani ilichanganywa na mchanga wa baharini, bomba linaliwa kutoka pande zote mbili.

Kwa hiyo ndani ya ukuta mpya siweki chuma tena. Nakiacha kwenye kazi zake: bomba linalopanda nje ya ukuta hadi kwenye tenki, koki ya bustani inayovutwa mpira kila siku, na mita ya kwanza au ya pili kutoka kwenye hita ya jua. Kazi hiyo ya mwisho tutairudia.

Kuna jambo moja ambalo lazima lifanyike kabla hujang'oa chuma cha zamani, nalo ni la uhai. Zamani mafundi umeme walizoea kufunga waya wa ethi kwenye bomba la maji, kwa kuwa chuma kiliingia ardhini. Ukibadilisha kipande kimoja tu kwa plastiki, ethi ya nyumba nzima inaweza kukatika na usijue, taa zikaendelea kuwaka kama kawaida. Siku pasi au hita itakapopata hitilafu, umeme hautakuwa na pa kwenda. Mwite fundi umeme kwanza, apime, aweke fimbo ya ethi ardhini. Gharama yake haifiki ya boksi chache za vigae.

PVC

Nazungumzia PVC ya presha, nene, yenye alama ya PN (daraja la presha) na namba ya kiwango ubavuni. Ile nyembamba ya maji machafu haifai kwa maji safi hata kwa siku moja, ingawa utaiona imetumika.

PVC ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na inaungwa kwa gundi. Hiyo ndiyo nguvu yake na ndiyo hatari yake. Gundi ya PVC haibandiki juu juu: inayeyusha kidogo uso wa bomba na uso wa soketi, halafu nyuso mbili zinakauka zikiwa kitu kimoja. Ili hilo litokee, bomba likatwe mraba, makapi ya msumeno yaondolewe, vumbi na unyevu vifutwe, gundi ipakwe pande zote mbili, kisha bomba lisukumwe hadi mwisho na kuzungushwa robo mzunguko. Halafu subira: kabla ya kupandisha presha, liache hadi kesho yake. Kopo la gundi likishaanza kuganda kama uji mzito, litupwe. Mafundi wengine huirudisha hai kwa kuongeza petroli au kiyeyusho cha rangi, na ungio la gundi hiyo linashika kwa macho tu.

Joto ndilo linaloiondoa PVC kwenye orodha ya bafu lenye maji ya moto. Nguvu inayoandikwa ubavuni ni ya maji ya nyuzi 20 hivi za selisiasi. Yakifika 40, bomba limepoteza takribani sehemu tatu kati ya kumi za uwezo wake, na kwenye 60 halipaswi kutumika kabisa. Bomba la PVC lililolala juu ya bati la Dar mchana wa Februari linaweza kupita 40 bila hita yoyote. Jua pia huifanya ichakae, ikawa na unga mweupe juu na kuvunjika kwa kugongwa kidogo.

Lakini tusiitupe. Kwa nyumba ambayo maji yake yote ni ya baridi, yenye mfereji uliofukiwa vizuri na fundi anayeheshimu gundi, PVC inatosha na inabakiza fedha. Na wengi wetu hatuna bomba la maji ya moto hata tukioga moto: hita ya umeme iliyo kwenye bomba la mvua inapashia maji palepale yanapotokea. Kama hiyo ndiyo hita yako na huna mpango wa kuibadilisha, ukutani kwako hakutapita maji ya moto. Usikubali kuuziwa laini ya pili kwa sababu ya mazoea ya fundi.

PPR

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo soko lilipohamia na ndipo makosa mengi ya sasa yanapofanyika.

PPR huuzwa kwa vipande vya mita 4, nyeupe au kijani, ikiwa na madaraja ya PN10, PN16, PN20 na PN25. Inaungwa kwa joto. Mashine yenye vichwa viwili huwashwa hadi nyuzi 260, bomba linaingizwa kwenye kichwa kimoja na fitingi kwenye kingine, vyote viwili kwa wakati mmoja. Kwa bomba la milimita 20 ni sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8. Kisha unavitoa na kuviunganisha ndani ya sekunde chache, moja kwa moja, bila kuzungusha, na kuvishika vitulie. Baada ya dakika mbili hadi nne ungio limepoa na plastiki ni moja. Hakuna gundi wala katani ya kuzeeka, na hakuna nyuzi za kuliwa na kutu. Ungio likichomwa sawasawa linakuwa nene kuliko bomba lenyewe.

Likichomwa vibaya, hutaliona. Fundi mwenye haraka anaacha bomba kwenye mashine sekunde kumi na kitu, halafu analisukuma kwa nguvu kupita kina chake, ambacho kwa bomba la 20 ni takribani milimita 14. Plastiki iliyoyeyuka inasukumwa ndani na kufanya pete inayoziba tundu. Kwa nje unaona ungio limenona na linapendeza, ndani maji yanapita kwenye kijitundu. Upande wa pili ni ungio baridi: umeme umepungua nguvu, mashine haijafika 260, au feni na upepo wa dirishani vimepoza plastiki kabla ya kukutanishwa. Hilo linashika leo na kuachia mwaka ujao. Mwombe fundi achome ungio moja la majaribio, likatwe kwa msumeno katikati kwa urefu, mtazame wote wawili. Kusiwe na mstari unaotenganisha bomba na fitingi, wala pete inayoingia katikati ya tundu. Fundi mzuri hatakasirika. Wengi hufurahi kupata mwenye nyumba anayeelewa.

Umeme nao uupangie. Siku ya mgao mashine hailii, na fundi aliyelipwa kwa siku atashawishika kuanza kazi kabla mashine haijapata joto lake.

Sehemu nyingine ya kuangalia kwa macho yako ni elbo ya koki, ile yenye nyuzi za metali ndani ya plastiki. Metali hiyo iwe shaba ya njano. Nenda dukani na sumaku ndogo: ikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi, kirudishe rafuni. Isiponasa bado haijamaliza mtihani, maana zipo za aloi ya zinki. Kwaruza kwa ncha ya kisu, na kama chini si njano, achana nayo. Kifaa hiki kidogo ndicho kinachobeba koki inayofunguliwa na kufungwa kila siku, na ndicho kinachopasuka fundi anapozungusha tepu nene kupita kiasi na kukaza koki kwa spana kubwa.

PPR inastahimili maji ya moto ya nyumbani, lakini haistahimili kila moto. PN20 maana yake ni presha ya bar 20 kwa maji ya nyuzi 20. Kwenye nyuzi 70 uwezo huo unashuka chini ya nusu. Kwa hita ya umeme iliyowekwa nyuzi 60 hakuna shida. Hita ya jua ni habari nyingine. Familia ikisafiri wiki moja, maji kwenye hita ya jua yanaweza kukaribia kuchemka, na bomba la kwanza kutoka kwenye tangi lake ndilo linalopokea joto hilo. Mita ya kwanza au ya pili hapo iwe chuma au shaba, ndipo PPR ifuate.

Pia PPR inatanuka. Mita 10 zikipata ongezeko la nyuzi 40 hurefuka milimita 60, wakati chuma cha urefu huohuo hakifiki milimita 5. Ukutani plasta inalishika na hutaona kitu, lakini kwenye dari au juu ya paa bomba hujikunja na kuvuta maungio. Liachie kona za kupumulia, lifunge kwa vibano visivyobana, na mahali palipo wazi lifunike, kwa kuwa jua huiua PPR kama linavyoiua PVC.

Nusu inchi ipi?

Utamsikia fundi akisema: "Bosi, ishirini ndiyo nusu inchi hiyohiyo, usiwe na wasiwasi." Hasemi uongo kwa upande wa koki, kwa sababu elbo ya 20 ina nyuzi za nusu inchi. Lakini chuma kiliitwa kwa kukadiria tundu lake, na PPR inaitwa kwa kipenyo cha nje. Bomba la PPR ni nene, na unene huo unaingia ndani.

| Linavyoitwa | Kipenyo cha nje (mm) | Unene (mm) | Tundu (mm) |
|---|---|---|---|
| Chuma, nusu inchi | 21.3 | 2.6 | 16.1 |
| PPR 20, PN20 | 20 | 3.4 | 13.2 |
| PPR 25, PN20 | 25 | 4.2 | 16.6 |
| Chuma, robo tatu | 26.9 | 2.6 | 21.7 |
| PPR 32, PN20 | 32 | 5.4 | 21.2 |
| PPR 25, PN16 | 25 | 3.5 | 18.0 |

Ukitoa chuma cha nusu inchi na kuweka PPR ya 20, eneo la tundu limepungua kwa takribani theluthi moja. Ulaini wa plastiki husaidia kidogo, haurudishi theluthi nzima. Kwenye nyumba yenye presha kubwa ya mtaa usingejali. Lakini kila mita 10 za kimo cha maji hutoa bar 1 tu, na tenki lililo mita 4 juu ya bomba la mvua linakupa bar 0.4. Kwa presha hiyo kila milimita ya tundu ina kazi, na ndiyo sababu mtu anamaliza ukarabati wa fedha nyingi halafu maji bafuni yanatiririka kwa uvivu kuliko zamani. Kanuni ninayoifuata: panapokuwa na chuma cha nusu inchi weka 25, panapokuwa na robo tatu weka 32, na 20 ibaki kwa kipande kifupi cha mwisho kinachoingia kwenye sinki au tenki la choo.

Hapo hapo utaona kwamba kukimbilia PN25 kwa imani kuwa namba kubwa ni bora kunakuumiza. Nyumba ya tenki haina presha ya kupasua PN16. Kwa maji ya baridi PN16 inakupa tundu pana kwa fedha kidogo. Kwa maji ya moto chukua PN20.

Mengine

HDPE, ile nyeusi yenye mistari ya buluu inayouzwa kwa rola, ndiyo bora kutoka mita hadi nyumbani. Inapinda bila elbo, rangi yake nyeusi inaikinga na jua, na mfereji wa mita nyingi unaweza kupita bila ungio hata moja ardhini. Isiingie kwenye maji ya moto.

Shaba ni bomba zuri sana na ni ghali, tena wezi wanaijua. Ukiitumia kwa hita, usiiweke kabla ya chuma cha zinki kwenye njia moja ya maji: chembe za shaba zinazobebwa na maji huharakisha kuliwa kwa zinki iliyo mbele.

Ndugu zetu walio Marekani na Kanada watakwambia habari za PEX, bomba laini la plastiki, na video nyingi za ukarabati mtandaoni zinaionyesha ikipitishwa kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Huko ina sababu: kuta za ndani ni fremu za mbao, bomba laini linapenya bila kona, na maji yakiganda wakati wa baridi PEX hutanuka badala ya kupasuka. Kuta zetu ni za tofali na maji hayagandi. Ukiipata pamoja na fundi mwenye kifaa chake cha kubania, ni bomba zuri. Lakini kutafuta fitingi yake Jumapili jioni huko Korogwe au Voi ni kazi, na panya wanaipenda.

Uamuzi, kisha pampu ya majaribio

Kama una maji ya moto yanayopita ukutani, au unafikiri utakuwa nayo ndani ya miaka kumi, weka PPR. Kama ni maji ya baridi tu na mfuko umebana, weka PVC ya presha ukutani na uiepushe na jua. Ukiwa mahali ambapo fundi wa PPR anatoka mbali na mashine ya kuazima, wakati fundi wa gundi yupo mtaani na kazi zake za miaka ya nyuma unaziona hazivuji, mpe huyo wa gundi. Ungio zuri la PVC ni salama kuliko ungio baridi la PPR, hata kama bomba la PPR ni bora likiwa rafuni. Na vyovyote utakavyochagua, nunua bomba na fitingi za mtengenezaji mmoja, zenye alama ya TBS au KEBS, na uweke vavu ya kufungia kwa kila bafu na jiko mahali mkono unapofika.

Usiruhusu plasta kabla ya kupima presha. Kufungua maji ya tenki na kutazama kama panadondoka hakutoshi, kwa kuwa bar 0.4 haiwezi kulifichua ungio baridi. Litavumilia hivyo hadi siku utakaponunua pampu ya kuongeza presha, ndipo litaachia nyuma ya kigae. Azima au kodi pampu ya mkono yenye geji. Ziba ncha zote kwa plagi, jaza maji polepole hadi hewa yote itoke, pandisha hadi bar 10. Plastiki hutanuka kidogo mwanzoni, kwa hiyo sindano itashuka bila kuwepo uvujaji. Baada ya nusu saa rudisha hadi 10, na baada ya nusu saa nyingine rudisha tena. Kuanzia hapo iache saa kadhaa. Ikiendelea kushuka, pita na kitambaa kikavu kwenye kila ungio mmoja baada ya mwingine. Ikitulia, weka futi ya chuma kando ya kila bomba, piga picha ukuta kwa ukuta, umruhusu fundi plasta aingie.